Asumini Elfu Moja na Tisa

Kwa miaka mitatu nililalia karatasi. Ilikuwa chini ya godoro langu, vipande kumi na kimoja nilivyoviunga kwa sindano na uzi mweupe, na kila nilipotandika kitanda niliitoa, nikaitazama, nikairudisha. Watu wa Mishomoroni hunijua kwa upole. Ni kweli, sina kelele. Lakini sikusahau hata siku moja.

Karatasi ilikuwa ya mjukuu wangu Shaza, niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Shaza ni mwalimu wa hesabu. Wakati ule alikuwa aolewe na Barakat, mtoto wa kwanza wa Bi Arafa wa Nyali, watu wenye maduka ya vitambaa tangu enzi za babu zao. Siku ya hina, mikono na miguu ya Shaza imeshapakwa na bado mbichi, Bi Arafa aliingia chumbani kumtazama mkwewe. Juu ya meza akaiona ile karatasi.

Shaza alikuwa amechora vijumba, na ndani ya kila kijumba namba. Nyingi zilikatwa kwa mstari. Chache zilibaki, na ya mwisho kabisa, elfu moja na tisa, ilizungushiwa wino mwekundu. Ni kazi aliyokuwa akiwatengenezea wanafunzi wake. Lakini huku kwetu namba ndani ya vijumba zina maana nyingine. Hivyo ndivyo waganga wanavyoandika talasimu, zikakunjwa, zikashonewa ngozi, zikavaliwa au kuzikwa mlangoni kwa mtu.

"Talasimu!" Bi Arafa alipiga ukelele uliofika barabarani. "Ndiyo maana mwanangu hasikii la mtu! Amefungwa kwa namba!"

"Mama, hizo ni hesabu," Shaza alimwambia, mikono ameinyanyua juu ili hina isiharibike. "Niruhusu nikueleze."

Hakumruhusu. Aliichana karatasi pale pale, akamtupia vipande usoni, vikaganda kwenye hina. Akatoka akiwatangazia wanawake waliokuja na sinia zao kwamba mjukuu wangu ni mchawi.

Sikumlaumu kwa kutojua. Nami sikujua kusoma mpaka nilipoingia darasa la ngumbaru, nikiwa na wajukuu. Nilimlaumu kwa kutosikiliza. Harusi ilivunjika, Barakat akaenda Doha. Shaza alikuwa na watoto kumi na wanne aliowafundisha jioni kwenye baraza letu; katika wiki mbili hakubaki hata mmoja. Jirani yangu Mweri, Mgiriama, mama mwenye shughuli zake nyingi, ndiye aliyeleta watoto wake wawili. Aliwaketisha mbele kabisa, mahali ambapo kila apitaye angewaona. Nami sitalisahau lile mpaka niingie kaburini.

Hina ile ilikaa mikononi mwa Shaza wiki mbili, akiosha vyombo nayo, akifua nayo. Nikaapa kwamba maneno yaliyotoka kinywani mwa Bi Arafa yatafutwa na kinywa hicho hicho, mbele ya wanawake.

Mwaka huu ikaja posa. Nawaf, mtoto wa pili wa Bi Arafa, alimposa Swabra, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mimi ni somo wake Swabra. Nimemfunda, na kwa desturi mimi ndiye mwenye kushika mlango wa chumba chake siku bwana harusi anapokuja kumpa mkono. Mtoto yule alikuja mwenyewe, akaketi chini miguuni pangu.

"Bibi, najua Bi Arafa alimfanya nini Shaza. Kama moyo wako hautaki kumfungulia mlango mwanawe, nitamwambia mama atafute somo mwingine. Sitakasirika."

"Nitaushika," nilimwambia. "Nitaushika vizuri sana."

Jioni ile nikamkuta Shaza anasahihisha madaftari.

"Shaza."

"Abee, Bibi."

"Ile namba yako ya wino mwekundu. Bado haigawanyiki?"

Akacheka. "Haitagawanyika mpaka kiama. Ni namba tasa. Haigawiki sawasawa ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Umejuaje? Umejaribu zote elfu?"

"Hakuna haja. Najaribu mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, hivyo hivyo mpaka thelathini na moja, basi. Kwa sababu namba ikigawika, hugawika kwa wawili wanaoshikana mikono. Mmoja akiwa mkubwa, mwenziwe ni mdogo. Thelathini na mbili mara thelathini na mbili ni elfu moja ishirini na nne, imeshapita. Kwa hiyo kama mkubwa angekuwapo, mdogo wake ningekwisha kumkamata huku chini."

Nikamwelewa. Ni kama kutafuta mapacha. Ukimpata mmoja, wa pili hana pa kujificha.

"Na jirani yake? Elfu moja na nane?"

"Huyo ni mkarimu, Bibi. Anagawika kwa mbili, tatu, nne, sita, saba, nane, tisa, kumi na mbili... Kila anayebisha hodi anamfungulia." Akaweka kalamu chini. "Kwa nini unauliza?"

"Najifunza," nikamwambia.

Nilikaa na maneno yale siku tatu. Namba isiyompa mtu kitu, na jirani yake anayempa kila mtu, na kati yao tofauti ya moja tu. Moja huweza kufichika kiganjani.

Mlangoni pa bibi harusi watu wengine hudai fedha. Mimi nilifundwa na bibi aliyekuwa akidai kazi, nami sikuacha. Upande wa bwana harusi hupewa vikonyo vya asumini, maua ambayo hayajafunguka. Wavigawe sawasawa, watunge makoja ya shingoni yenye idadi moja, pasibaki hata kikonyo kimoja. Kisha mama wa bwana harusi huwavalisha wanawake wa upande wa bibi harusi, mlango ukafunguliwa. Huwa nawapa mia moja, mia na ishirini. Dakika kumi, vicheko, wakaingia.

Siku ya harusi, baada ya alfajiri, mimi na Mweri tulizunguka nyua za Mishomoroni na Bakarani. Mweri ana mwasumini mkubwa kuliko wote. Aliuchuma wote, hakujibakishia hata asumini za kutia kwenye maji ya kunywa.

"Bi Khairiya, asumini zote hizi ni za shingo ngapi?" aliniuliza.

"Moja."

Akanitazama, akatabasamu, akaendelea kuchuma. Nilihesabu mara tatu. Vya ziada nikampa. Vilivyobaki nikavitandaza juu ya sinia mbili, nikavifunika kwa kitambaa kibichi.

Nikaha ilisomwa msikitini baada ya alasiri. Bi Arafa na wanawake wake walitangulia nyumbani kwa akina Swabra, wamejaa udi na dhahabu. Bi Arafa aliponiona nimeketi mbele ya mlango wa chumba alisita kidogo, kisha akacheka.

"Bi Khairiya! Bado mzima?"

"Alhamdulillahi. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Haya, tudai unachodai. Bwana harusi yuko njiani."

Nikafunua sinia. Harufu ikatujaa. Nikawapa masharti mbele ya wote: makoja yawe sawa, pasibaki kikonyo, pasitupwe wala kufichwa kikonyo, na Bi Arafa ndiye atakayevalisha.

"Ngapi hizi?"

"Elfu moja na tisa. Hesabuni wenyewe."

"Elfu!" Wifi yake akashika kinywa. "Bibi, leo umetuweza."

"Wacheni," Bi Arafa alisema, akakunja mikono ya buibui, bangili zikalia. "Sisi ni watu wa dukani. Kitambaa cha mita elfu nakikata nimefumba macho. Asumini ndizo zitanishinda?"

Hapo ndipo alipokubali, kwa ulimi wake. Wanawake wote walisikia.

Walihesabu wakiwa wameketi mkekani, mafungu ya kumi kumi. Mafungu mia, vikabaki tisa. Idadi ikakubaliwa. Bi Arafa akasema basi makoja ya kumi na mbili, ndiyo mazuri shingoni. Yakatoka mafungu themanini na manne na kikonyo kimoja kimebaki mkekani peke yake, cheupe, kinawatazama.

"Nane," akasema.

Kimoja kikabaki.

"Saba."

Kimoja.

"Tisa, basi! Tisa!"

Kimoja. Wanawake wa upande wetu walianza kuzibana kanga midomoni. Mama mmoja akaimba polepole, "Mgeni huyo hana kwao," na wenziwe wakamjibu. Bi Arafa alijaribu ishirini na tano, vikabaki tisa. Akajaribu kumi na moja, vikabaki nane. Akajaribu kumi na tisa, vikabaki viwili, akapiga paja akidhani anakaribia.

Mpwa wake, binti wa dada yake, msichana aitwaye Ridhaa, alikuwa na simu mkononi. "Khaleti, kila ninachogawa kinatoka na nukta. Nadhani haigawanyiki."

"Simu yako mbovu. Iweke."

"Khaleti, nimejaribu mpaka thelathini na..."

"Nimesema iweke!"

Nikamwona yule msichana anainama kwa haya, nikamsogezea bilauri ya sharubati. Alikuwa amesema kweli, na aliisema kwa adabu.

Nje tukasikia vigelegele. Nawaf amefika, na joho na kilemba chake, na jua la saa kumi na moja linampiga usoni. Hakuwa na kosa lolote yule kijana. Nikaagiza apelekewe kiti, maji, na mwavuli. Mlango sikuufungua.

"Haya, tena kumi na mbili," Bi Arafa akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, laini. "Mara ya kwanza tulihesabu vibaya."

Mimi huwa natazama mikono ya watu. Ni tabia ya uzee, nadhani. Uso wa mtu hujifunza kudanganya mapema. Nikaiona mikono yake ikipita juu ya fungu moja, ikarudi mapajani. Wakahesabu tena. Mafungu themanini na manne ya kumi na mbili. Mkeka mtupu. Hakikubaki kitu.

Alipiga kigelegele kirefu, wanawake wake wakampokea. "Fungua mlango, Bi Khairiya! Fungua!"

Sikusimama.

"Ridhaa mwanangu," nikasema, "chukua simu yako. Themanini na nne mara kumi na mbili ni ngapi?"

Msichana akabonyeza. Akaitazama simu, akamtazama khaleti yake, akainamisha kichwa. "Elfu moja na nane."

Vigelegele vikakatika kama vimekatwa kwa kisu.

"Mlihesabu wenyewe elfu moja na tisa," nikasema. "Namba hii haigawanyiki, Bi Arafa. Ikigawanyika, basi pana mtu ameiibia. Haihitaji shahidi mwingine. Cha elfu moja na tisa kiko wapi?"

Mimi nilikuwa na subira. Nilikuwa nayo kwa miaka mitatu, ningeshindwa dakika tatu? Mwisho Bi Arafa alitia vidole viwili chini ya bangili za mkono wa kushoto, akakitoa kikonyo, kimepondeka upande mmoja, akakiweka mkekani. Mama wa Swabra akageuza uso. Wifi yake mwenyewe alisema, "Arafa, wallahi umetuaibisha."

Ndipo alipofura. "Namba hii imefungwa! Huyu kizee ameiroga! Ni ile ile! Ni ile talasimu ya..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa. Nikaitoa karatasi kifuani. Nikaikunjua juu ya mapaja, vijumba vyake, mistari yake, uzi wangu mweupe, na madoa ya hina yaliyokauka pale vipande vilipoganda mikononi mwa mtoto wangu. Katika kijumba cha mwisho, elfu moja na tisa, wino mwekundu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni ile ile."

Nikamwita Shaza. Alikuwa uani, anapakua biriani na wenziwe, maana Swabra alimwalika na hakutaka kukataa. Akaja na mwiko mkononi. Aliiona karatasi, akaona mafungu mkekani, akaelewa yote kwa mara moja. Akanigeukia.

"Bibi. Ndiyo maana uliniuliza?"

"Ndiyo maana. Waeleze."

Nilidhani atalia, au atakimbia. Aliweka mwiko chini, akapiga magoti mkekani kama anavyopiga mbele ya watoto wake, akawaeleza. Akachukua vikonyo kumi na viwili, akavipanga mistari mitatu ya vinne, kisha miwili ya sita. Akaongeza kimoja, vikawa kumi na vitatu, akawaambia wapange. Wakapanga, wakapangua, wakashindwa. "Kumi na tatu ni mdogo wake," akasema. "Elfu moja na tisa ni mkubwa. Hawana uchawi. Ndivyo walivyo, tangu Mungu aumbe kuhesabu. Na hii karatasi ni kazi ya darasa la sita. Unakata zote zinazogawika, zinazobaki ndizo hizi."

Bibi mmoja wa upande wao, mzee kuliko mimi, alivivuta vikonyo kumi na vitatu karibu yake, akavipanga mwenyewe mara mbili. Kisha akasema kwa sauti, "Hii ni hesabu. Arafa, wewe ulituambia ni uchawi. Miaka mitatu tunasema ni uchawi."

Bi Arafa alikuwa ameketi, bangili zimetulia.

"Bwana harusi anaungua jua," mama wa Swabra akaninong'oneza. Alikuwa na haki. Nilikuwa najua pia kwamba nyuma ya mlango ule Swabra ameketi kitandani, amejipamba, anasikia kila neno. Kidogo moyo ulinisuta. Kidogo.

"Shaza," nikasema, "kwa masharti yangu, hakuna njia?"

Akasita. Alishajua ninakokwenda. "Zipo mbili. Makoja elfu moja na tisa, kila moja kikonyo kimoja."

"Shingo elfu hatuna. Ya pili?"

"Koja moja. Lenye vyote."

"Umesikia, Bi Arafa?" Nikamsukumia sindano na uzi. "Koja moja, shingo moja. Nawe ndiye mvalishaji. Shingo nitachagua mimi."

Alitunga. Wifi zake walitaka kusaidia, nikasema la, mkono mmoja. Alitunga huku jua linashuka, huku biriani inapoa, huku wanawake wa Nyali wanajipepea kwa kanga. Alipofika kama mia tatu sindano ilimchoma, damu ikatoka. Nikavua subana yangu ya shaba kidoleni, nikampa. Aliipokea bila kunitazama. Nawaf aliuliza mara mbili kutoka nje kuna nini. Ridhaa akatoka kumwambia kwamba mama yake ana kazi. Nilikuwa nahesabu naye moyoni. Sikumsamehe hata kimoja.

Kikonyo cha mwisho kilikuwa kile kilichopondeka. Nacho akakitunga.

Koja lilikuwa zito, limelowa, linaburuta mkekani. Nikanyoosha kidole kwa Shaza. Bi Arafa akainuka, magoti yakalia, akamzungushia shingoni mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka uso wa mjukuu wangu ukawa juu ya asumini tupu. Mikono ya Bi Arafa ilibaki mabegani mwake, haijui pa kwenda.

"Sasa sema," nikamwambia. "Ulisema kwa kelele ile siku, mpaka barabarani walisikia. Sema vivyo hivyo."

"Shaza si mchawi," akasema.

"Wa barabarani hawajasikia."

"Shaza si mchawi!" Sauti ilipasuka katikati. "Zilikuwa hesabu. Aliniambia ni hesabu, nikakataa kumsikia. Uongo ulikuwa wangu."

Upande wa uani Mweri akapiga kigelegele, yeye peke yake kwanza, na wengine wakamfuata.

Shaza hakusema amemsamehe. Alisema, "Nimekusikia, mama," akaokota mwiko wake, akarudi uani kupakua, na koja lote shingoni. Wale watoto wawili wa Mweri walimfuata nyuma wakijaribu kuhesabu vikonyo vya mgongoni.

Nikatoa ufunguo, nikafungua mlango. Nawaf aliingia, jasho limemtiririka chini ya kilemba. Aliponipita aliinama na kusema, "Shikamoo, Bibi, na ahsante kwa kiti." Nikamwombea heri, na niliiombea kwa moyo wote.

Bi Arafa alipita wa mwisho. Alivua ile subana akaninyooshea, kidole kimevimba.

"Kaa nayo," nikamwambia. "Una mtoto wa tatu hajaoa, na nusu ya wasichana wa Kisauni mimi ndiye somo wao."